Lafudhi ya London Mashariki na Usukani wa Chombo cha Anga

Mwaka 2517 binadamu wameshaihama Dunia. Wamezifanya sayari na miezi ya mbali zikalike, wamejenga miji mipya, wamepigana vita na vita vikaisha. Ndivyo inavyosimulia Firefly, tamthilia ya Marekani iliyorushwa mwaka 2002. Kwenye sayari iitwayo Persephone yupo dalali wa mali za wizi, jina lake Badger, mwenye kofia ya duara na wapambe wenye bunduki. Akifungua kinywa tu, mtazamaji Mwingereza anajua kwao ni wapi, na si Persephone. Ni London Mashariki. Miaka mia tano imepita, Dunia yenyewe imeachwa, na bado mwizi anazungumza Kicockney.

Hali halisi ni nyingine kabisa. Mwaka 2010 mwanaisimu Paul Kerswill, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Lancaster, alisema Kicockney kingetoweka kwenye mitaa ya London katika muda wa takriban miaka thelathini. Vijana wa mitaa hiyo sasa wana usemi mwingine, uliochota kutoka Karibi, Afrika Magharibi na Bangladesh, na familia nyingi za Wacockney zilihamia Essex baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Lahaja inayofifia nyumbani kwake imepewa maisha marefu angani. Lakini imepewa kwa sharti: mwenye nayo awe mwizi, mfungwa, dereva wa mtu mkubwa, au mchekeshaji atakayeliwa na dubwana kabla filamu haijafika katikati.

Hadithi za kisayansi hujisifu kwamba haziogopi kufikiri lolote. Zinafikiria safari ipitayo kasi ya mwanga, wakati unaorudi kinyumenyume, mashine inayopenda na kuhuzunika. Basi inakuwaje fasihi yenye ubunifu huo ishindwe kumfikiria mtoto wa Bethnal Green, London Mashariki, akiongoza chombo cha anga kwa ulimi wake wa kuzaliwa? Kushindwa huko ni uvivu wa kisanaa, na pia ni dhuluma, kwa sababu hadithi za siku zijazo huwaambia watu nani atakuwepo huko na atakaa kiti gani.

Kwa jadi, Mcockney ni mtu aliyezaliwa mahali ambapo kengele za kanisa la St Mary-le-Bow, mtaa wa Cheapside, zinasikika. Kengele hizo ziliangamizwa na mabomu ya Wajerumani Mei 1941, na hazikulia tena hadi 1961. Kwa kuifuata jadi neno kwa neno, London ilikaa miaka ishirini bila kuzaa Mcockney hata mmoja, jambo ambalo mama yeyote wa London Mashariki asingelikubali. Kwa maana pana, Wacockney ni watu wa kazi wa London, hasa upande wa mashariki: wachukuzi wa bandarini, wauza samaki na mboga, wafua nguo, mafundi cherehani, wengi wao wazao wa wahamiaji wa Kihuguenoti (Waprotestanti wa Ufaransa), Kiairishi na Kiyahudi. Usemi wao hudondosha sauti ya h, kama Mkongo anayesema “abari” badala ya “habari”. Sauti ya t katikati ya neno humezwa kooni. Tena wana misimu ya vina: ngazi huitwa matufaha na mapeari kwa sababu tu, kwa Kiingereza, mapeari na ngazi vina kina kimoja. Misimu ya namna hiyo ilishaingia kwenye kamusi za mitaani miaka ya 1850.

Dharau nayo ina umri mrefu. Mwaka 1817 jarida la Blackwood’s la Edinburgh lilianza kuwashambulia washairi wa London kwa kuwabandika jina la Shule ya Cockney. Leigh Hunt alikuwa wa kwanza kuchapwa, John Keats akafuata. Kosa lao kubwa machoni mwa mhakiki lilikuwa kuzaliwa na kulelewa vibaya na bado kuthubutu kuandika ushairi. Katika mzunguko huohuo wa marafiki wa Hunt alikuwemo Percy Shelley, ambaye mkewe Mary, mzaliwa wa Somers Town, London, alichapisha Frankenstein tarehe 1 Januari 1818. Wahakiki wengi huihesabu riwaya hiyo kuwa ya kwanza ya kisayansi. Na jambo moja ndani yake husahauliwa: yule kiumbe aliyeundwa maabara anajifunza lugha mwenyewe kwa kuwasikiliza majirani kupitia ukuta, kisha anaizungumza kwa ufasaha unaomshinda bwana aliyemuumba. Filamu ya mwaka 1931 ilimnyang’anya ulimi akabaki kunguruma. Mary Shelley alijua kwamba mtu aliyetupwa nje ya jamii akipewa maneno, msomaji hawezi tena kumwona dude.

H. G. Wells alilijua hilo kwa mwili wake. Alizaliwa Bromley mwaka 1866, nyuma ya duka dogo la vyombo vya udongo na vifaa vya kriketi ambalo halikuwahi kustawi. Mama yake alikuwa mtumishi wa nyumba za wakubwa. Yeye mwenyewe alitiwa uanagenzi wa duka la vitambaa akauchukia kuliko kitu kingine chochote, mpaka alipopata ufadhili wa kusoma sayansi South Kensington mwaka 1884, mikononi mwa mwanabiolojia T. H. Huxley.

Riwaya yake ya kwanza, The Time Machine ya mwaka 1895, imejaa hofu ya mtu aliyeponea chupuchupu. Msafiri anafika mwaka 802,701 na kukuta binadamu wamegawanyika aina mbili. Juu ya ardhi wanaishi Eloi, wazuri na dhaifu, uzao wa matajiri. Chini ya ardhi wako Morlock, weupe kama funza, ambao babu zao walikuwa wafanyakazi. Msafiri anaufikia uamuzi huo kwa kumkumbuka mfanyakazi wa London Mashariki wa zama zake, ambaye tayari alikuwa akiishi na kufanya kazi mbali na jua. Wazo hilo bado linatisha, na linastahili sifa zote lilizopewa. Lakini Eloi wamepewa lugha, nyepesi na tamu, ambayo msafiri anajifunza maneno yake. Wazao wa London Mashariki hawakupewa hata neno moja la kusema na msomaji. Wells alitoboa uovu wa mfumo, akawaacha waliodhulumiwa wakinong’ona gizani.

Miaka kumi na mitatu baadaye alijirekebisha. The War in the Air ya mwaka 1908 haisomwi sana siku hizi, na hiyo ni hasara, maana shujaa wake ni Bert Smallways, kijana wa duka la baiskeli kutoka mji mdogo uliomezwa na London, kaka yake muuza mboga. Bert anadondosha h zake zote na Wells anaziandika hivyo hivyo zilivyodondoshwa. Kwa bahati mbaya anapeperushwa na puto hadi Ujerumani. Wajerumani wanamdhania mvumbuzi mashuhuri wa ndege, wanampakia kwenye merikebu za angani, na kupitia macho yake msomaji anaiona New York ikiteketezwa kwa mabomu kutoka juu. Kitabu hiki kilitoka miaka sita kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanzoni mwandishi anamdharau Bert waziwazi. Anamwita kiumbe duni, mmoja wa mamilioni waliotolewa na ustaarabu usiojali. Kisha riwaya inamgeuka mwandishi wake. Maafisa wenye medali wanafanya ujinga mmoja baada ya mwingine, na mtu pekee anayejiuliza haya yote ni kwa ajili gani ni yule asiyejua kutamka h. Bert ndiye anayembwaga mwanamfalme wa Ujerumani kwenye kisiwa cha maporomoko ya Niagara, na ndiye anayeifikisha michoro ya ndege kwa rais wa Marekani. Dunia inaporomoka hata hivyo. Mwishoni kaka yake, mzee sasa, anamsimulia mtoto jinsi watu walivyoishi zamani, na simulizi la kuanguka kwa ustaarabu linasemwa kwa lafudhi ya Kent na London, bila mkalimani. Hakuna riwaya ya Wells inayofanya kazi hii vizuri zaidi.

George Orwell alikwenda mbali kuliko wote, na alikwenda akiwa na mzigo. Alisoma Eton, shule ya watoto wa watawala, kisha akavaa matambara na kulala na watu wasio na makazi wa London ili awasikie. Katika Nineteen Eighty-Four ya mwaka 1949, asilimia 85 ya wakazi wa nchi ni wale aliowaita proles, na wanazungumza Kicockney. Chama kinachoishika nchi kinatawala kila kitu cha wanachama wake: uso, usingizi, mapenzi. Kinawatengenezea hata lugha mpya ambayo kamusi yake inapungua kila mwaka ili mawazo ya uasi yakose maneno. Lakini proles hawafundishwi lugha hiyo. Chama kinawaona kama wanyama, na kwa sababu ya dharau hiyo kinawaachia ulimi wao.

Hapo ndipo penye utajiri wa riwaya hii ambao wasomaji wengi hupita haraka wakikimbilia chumba cha mateso. Winston, mhusika mkuu, anaingia baa na kumkuta mzee anayegombana na muuzaji kwa sababu bia inauzwa kwa lita badala ya painti. Ugomvi huo unaonekana wa kipuuzi, lakini mzee ndiye mtu wa kwanza katika kitabu kizima kudai, mbele za watu na kwa sauti kubwa, kwamba zamani ilikuwapo na ilikuwa tofauti. Uani kwa jirani yupo mama mfua nguo, mnene, mikono myekundu, anaimba wimbo uliotungwa na mashine ya serikali. Wimbo ni takataka. Akiuimba yeye kwa lafudhi yake unakuwa kitu cha kupendeza, na Winston, aliyetumia maisha yake kufuta na kuandika upya habari za magazeti, anasimama dirishani akimsikiliza na kuona kwamba kama kuna tumaini, liko pale kwenye kamba ya nguo.

Kisha Orwell anafanya jambo la kikatili na la busara. Yupo mzee muuza vitu vya kale, Bwana Charrington, mpole, anayewapangisha Winston na mpenzi wake Julia chumba cha siri. Askari wanapovamia, Charrington anaingia nyuma yao na kutoa amri. Lafudhi yake ya Cockney imetoweka. Ilikuwa vazi tu. Yeye ni ofisa wa Polisi wa Fikra, na lafudhi ilikuwa sehemu ya mtego, sawa na koti lake la mahameli na miwani yake. Orwell alielewa kwamba mtawala anaweza kuivaa sauti ya wanyonge pale anapoihitaji na kuivua kazi ikiisha. Mtu anaweza kuisoma riwaya hiyo mara nyingi bila kuona kwamba ushahidi wa kwanza wa usaliti uko katika matamshi.

John Wyndham naye, katika The Day of the Triffids ya mwaka 1951, ana mtu aitwaye Coker. Karibu watu wote wamepofuka usiku mmoja, na wachache wanaoona wamejikusanya kwenye majengo ya Chuo Kikuu cha London. Coker anasimama langoni na umati wa vipofu, akidai wasaidiwe. Anahutubia kwa lugha ya mtaani na kwa lugha ya wasomi, akivuka kutoka moja hadi nyingine kama apendavyo, na msimulizi anachanganyikiwa: mtu huyu ni wa tabaka gani? Baadaye Coker anaeleza kwamba kila kundi husikiliza sauti linayoiamini, kwa hiyo amejifunza zote mbili. Ni mhusika wa pembeni, lakini amebeba fikra nzito. Kwake lafudhi si alama ya akili wala cheo. Ni chombo cha kazi, na aliye na viwili amemzidi aliye na kimoja.

Anthony Burgess, mzaliwa wa Manchester na mpenzi wa lugha, aliwatungia vijana wa A Clockwork Orange, mwaka 1962, usemi uliochanganya Kirusi na misimu ya vina ya Wacockney. Alidai jina la riwaya alilichota kwenye msemo aliousikia baa ya London. Stanley Kubrick alipoigeuza kuwa filamu mwaka 1971, alikwenda kupiga picha Thamesmead, kusini mashariki mwa London, kwenye maghorofa mapya ya zege yaliyojengwa kuwapa makazi watu wa kazi. Familia zilizokuwa zimehamia kutoka nyumba mbovu zilijikuta mtaa wao mpya umekuwa picha ya siku zijazo za kutisha. Tabia hiyo haijaisha. Kamera za filamu za kisayansi zinayapenda majengo ya watu hawa kuliko zinavyovipenda vinywa vyao.

Kwenye televisheni, Mcockney aliyepata umaarufu mkubwa katika hadithi hizi alikuwa kikaragosi. Thunderbirds, iliyoanza mwaka 1965, inasimulia mambo ya miaka ya 2060. Ndani yake yupo Parker, dereva wa Lady Penelope, zamani fundi wa kufungua sefu za watu. Anajitahidi kusema kama mabwana zake, na kwa kujitahidi huko anatia h mahali pasipohitajika. Mwigizaji David Graham, mmoja wa waliotoa sauti za Dalek wa kwanza, maadui wa tamthilia ya Doctor Who, aliipata lafudhi ya Parker kwa kumsikiliza mhudumu wa baa moja ya Cookham ambaye zamani alihudumu nyumba ya kifalme. Parker anapendwa, na ana haki ya kupendwa: ni mwaminifu, jasiri, na mikono yake imeokoa maisha mengi katika vipindi vile. Lakini miaka mia moja mbele, yeye bado yuko mbele ya gari na bibi mkubwa yuko nyuma, na hakuna aliyeona haja ya kueleza kwa nini.

Watetezi wa desturi hii wana hoja isiyopaswa kupuuzwa. Filamu ina dakika chache, wanasema, na lafudhi humtambulisha mhusika kabla hajamaliza sentensi. Ni kweli, inafanya kazi haraka. Inafanya kazi haraka kwa sababu mtazamaji amefundishwa tangu utotoni kuhusisha sauti fulani na jela, na kila filamu inayotumia njia hiyo ya mkato inamfundisha tena. Alien 3 ya mwaka 1992 iliijaza sayari ya wafungwa waigizaji wa Kiingereza wenye lafudhi za watu wa kazi, na hakuna mtazamaji aliyehitaji kuelezwa kwa nini wako pale. Kwa upande mwingine maofisa wa himaya katika Star Wars walipewa Kiingereza cha wakubwa. David Prowse, aliyevaa vazi la Darth Vader, alikuwa mtu wa Bristol, na sauti yake iliondolewa ikawekwa ya James Earl Jones. Watengenezaji walijua vizuri kwamba sauti ina uzito. Walichokosa ni ujasiri wa kuugawa uzito huo kwa haki.

Historia ya Doctor Who inaonyesha vita hivi vya lafudhi ndani ya studio moja. Tamthilia hiyo ya BBC ilianza Novemba 1963, na chombo cha shujaa wake, msafiri wa wakati aitwaye Daktari, kilionekana kwa mara ya kwanza kwenye uwanja wa vyuma chakavu wa Shoreditch, katikati ya nchi ya Wacockney. William Hartnell, wa kwanza kumwigiza Daktari, alizaliwa St Pancras mwaka 1908, mtoto wa mama maskini asiye na mume, na aliigiza kwa Kiingereza safi cha mabwana. Mwaka 1966 aliletewa msichana aitwaye Dodo, aliyeanza na lafudhi ya watu wa kawaida. Wakubwa wa BBC hawakuipenda, na lafudhi ikafutwa. Katika kisa cha The Ark Daktari mwenyewe anamkemea Dodo kwa sababu ya Kiingereza anachozungumza. Mtoto wa St Pancras aliyeuficha ulimi wake alilipwa mshahara kumkaripia msichana asiyeuficha wake. Mwaka huohuo akaja Ben Jackson, baharia Mcockney, mchangamfu na shujaa, ila daima akiwa na Polly kando yake, msichana wa tabaka la juu ambaye Ben alimtania kwa kumwita mwanamwinyi.

Ilibidi kungoja hadi Machi 2005. Rose Tyler ana miaka 19, anauza nguo dukani, anaishi na mama yake kwenye ghorofa za manispaa London kusini. Billie Piper aliyemwigiza alizaliwa Swindon, lakini Rose alizungumza kama msichana wa mtaa ule, na zaidi ya watu milioni 10 walitazama kipindi cha kwanza. Mwisho wa msimu ni yeye, si Daktari, anayewaangamiza Dalek. Daktari naye, Christopher Eccleston, alizungumza kwa lafudhi ya kaskazini mwa Uingereza, na amewahi kueleza kwamba alitaka kuvunja imani kuwa akili na lafudhi vinakwenda pamoja. Tangu hapo mlango haukufungwa kabisa. Ncuti Gatwa, aliyezaliwa Rwanda na kukulia Uskochi baada ya familia yake kukimbia mwaka 1994, aliigiza Daktari kwa lafudhi yake ya Kiskochi, na sayari zilizunguka kama kawaida.

Filamu iliyozipita zote ni Attack the Block ya mwaka 2011. Mwongozaji Joe Cornish alikaa na vijana wa London kusini akasikiliza wanavyozungumza kabla ya kuandika. Usemi wao si Kicockney cha kale, ni mrithi wake, ule ambao wanaisimu wanasema umechukua mitaa. Viumbe wa angani wanatua kwenye jengo la ghorofa la manispaa, na watetezi wa Dunia ni genge la watoto lililokuwa limetoka kumwibia muuguzi njiani. Kiongozi wao, Moses, aliigizwa na John Boyega, kijana wa London kusini mwenye wazazi Wanigeria, katika filamu yake ya kwanza. Wasambazaji wa Marekani walifikiria kuiwekea tafsiri ya maandishi, Kiingereza kwa Kiingereza. Baadhi ya sehemu za nje zilipigwa picha mtaa wa Heygate, ambao wakazi wake wengi walikuwa wameshaondolewa. Ulipoisha mwaka 2014 maghorofa yale yalikuwa yamebomolewa. Boyega aliingia Star Wars mwaka 2015 kama Finn, mmoja wa mashujaa wakuu wa filamu inayotazamwa dunia nzima. Katika galaksi ile Finn anazungumza Kiingereza cha Marekani. Ulimi uliookoa London haukupita forodha.

Suala hili linagusa pia upande huu wa dunia. Katika Return of the Jedi ya mwaka 1983, msaidizi wa rubani wa Millennium Falcon ni kiumbe aitwaye Nien Nunb. Sauti yake ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa Marekani, na ndani ya maneno yake kimo Kikuyu. Watengenezaji walitafuta lugha ambayo watazamaji wao wangeisikia kama ya kiumbe asiye binadamu, wakaichukua ya watu wa Nyeri na Murang’a. Mkenya ajuaye Kikuyu aliyeketi sinema alimwelewa dude bila mkalimani. Ni sikio lilelile lililompa Badger lafudhi yake: kuna sauti moja inayohesabiwa ya kawaida, na nyingine zote ni ishara ya kitu fulani.

Mfano bora wa jinsi ya kutoka humo umetolewa bila kelele. Michael Caine alizaliwa Rotherhithe mwaka 1933, baba yake mchukuzi wa soko la samaki la Billingsgate. Katika Interstellar ya mwaka 2014 yeye ni Profesa Brand, mwanafizikia anayeongoza mpango wa kuwahamisha binadamu kutoka Dunia inayokufa. Anazungumza kwa sauti yake ileile ya London kusini. Binti yake kwenye filamu ana lafudhi ya Marekani. Hakuna anayeuliza, hakuna anayecheka, hakuna mstari hata mmoja wa kueleza. Profesa anasema, na wanaanga wanasikiliza.

Waandishi na waongozaji wa Afrika Mashariki wameanza kuingia uwanja huu. Katama Mkangi alishatupeleka nchi ya usawa katika Walenisi mwaka 1995. Filamu ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009, Pumzi, ina jina la Kiswahili na mazungumzo ya Kiingereza. Kazi nyingine zinakuja, na ndani yake kutakuwa na manahodha, madaktari, wahandisi wa injini na wezi. Anayeandika leo asimpe mhandisi Kiswahili cha taarifa ya habari na mwizi Kiswahili cha Manzese au Sheng ya Eastlands. Ampe nahodha usemi wa Manzese, ampe mwanafizikia usemi wa Mombasa au wa Lubumbashi, aandike hesabu zao kwa usahihi, na asiweke hata mstari mmoja wa kueleza.